Matairi ya gari lenye nguvu kwa bei unayoimudu

Anayenunua gari lenye nguvu lililokwishatumika huwa amepigia hesabu bei yake, bima na mafuta. Matairi huyakumbuka siku fundi anapolipandisha gari kwenye jeki na kumwonyesha waya unaochungulia kwenye ukingo wa ndani wa tairi la nyuma. Anauliza bei ya manne ya aina ile ile, anatajiwa, anauliza tena akidhani hakusikia vizuri. Kuanzia hapo hofu ndiyo inayonunua. Mmoja anachukua yoyote yenye namba zinazolingana, mwingine anakimbilia ya mtumba, mwingine ananunua mawili na kuyaacha mawili ambayo yamebakiza kidogo kuwa kipara. Mara nyingi wote watatu hulipa tena mapema kuliko walivyotarajia.

Pesa inaweza kuokolewa, tena nyingi, ukijua gari lako linadai nini hasa na ni kitu gani unalipia kwa mazoea tu. Kazi hiyo inaanza kabla ya kupiga simu dukani.

Yachunguze yaliyokwisha

Matairi unayotaka kuyatupa yana taarifa ambazo hakuna muuzaji atakayekupa. Pima kina cha meno sehemu tatu kwa upana wa kila tairi: ukingo wa ndani, katikati, ukingo wa nje. Geji ya kupimia kina ni kitu kidogo cha bei ndogo, na kina thamani kuliko jicho la mtu yeyote. Andika namba zote 12.

Katikati pakiliwa kuliko kingo, upepo ulikuwa unazidi. Kingo zote mbili zikiliwa, upepo ulikuwa pungufu. Tairi likiwa na mabonde mabonde kwenye mzunguko wake, shokapu zimechoka au bushi zimelegea na gurudumu linadundadunda barabarani bila wewe kuhisi. Ukingo wa ndani ukiisha peke yake, tatizo ni alaimenti, yaani mpangilio wa pembe na mwelekeo wa magurudumu, na huu ndio ugonjwa mkuu wa magari ya aina hii. Viwanda vingi huyafunga magurudumu yakiwa yameinama kidogo, juu yakielekea ndani, ili gari lishike vizuri kwenye kona. Mwenye gari akilishusha kwa springi fupi, mwinamo huo unaongezeka. Hata hivyo mwinamo peke yake hula tairi polepole. Linalolimaliza haraka ni magurudumu mawili ya ekseli moja kutoelekea mbele sambamba, kwa sababu tairi linaburuzwa kiubavu kidogo kidogo kila mita linayokwenda. Pitisha kiganja juu ya meno kutoka nje kwenda ndani, kisha rudisha. Ukihisi ulaini upande mmoja na makali kama msumeno upande wa pili, umeshapata jibu.

Ukingo wa ndani wa matairi ya nyuma hauonekani ukiwa umesimama kando ya gari. Ingiza simu nyuma ya gurudumu, upige picha. Magari mengi huuzwa yakiwa na meno mazuri kwa nje na nyuzi za chuma kwa ndani, na muuzaji wala hajadanganya. Hajawahi kuinama kuangalia.

Kwa hiyo alaimenti, bushi, hata shokapu, ziingie kwenye bajeti ya matairi. Pesa ikitosha ama matairi ya gharama bila alaimenti, ama ya daraja la kati pamoja na alaimenti, chukua ya pili bila kusita. Tairi bora kuliko yote likifungwa kwenye gari lililopinda magurudumu litaisha sawa na la ovyo, ila hasara yake ni kubwa zaidi.

Namba za ubavuni

Namba za kununulia zitoke kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, kifuniko cha tangi la mafuta au kitabu cha gari. Usiziamini zilizo kwenye matairi uliyoyakuta, kwa sababu aliyekutangulia huenda naye alitafuta urahisi.

Tuchukue saizi ya kawaida kwa magari ya kasi ya umbo la kati: 225/40R18 92Y XL. Upana ni milimita 225. Urefu wa ubavu ni asilimia 40 ya upana huo, yaani milimita 90. R ni mfumo wa nyuzi zilizolala kutoka ukingo hadi ukingo, na 18 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Hadi hapo kila muuzaji anakufuata. Wengi hupotea kwenye herufi na namba za mwisho, na upotevu huo hujitokeza kama bei nzuri.

Namba 92 ni uwezo wa kubeba: kilo 630 kwa tairi moja. Saizi hiyo hiyo hutengenezwa pia ikiwa na 88, ambayo ni kilo 560. Kwa ekseli moja tofauti ni kilo 140. Tairi la 88 linaingia kwenye rimu, linajaa upepo, linaonekana sawa kabisa, na huenda likawa na bei ya chini. Gari likibeba watu wanne na mizigo yao kwenye barabara ya kasi siku ya joto, ubavu unapinda kuliko ulivyokusudiwa, joto linapanda ndani ya mpira, na tairi huharibika kuanzia ndani bila dalili nje. Herufi XL inaonyesha tairi lililoimarishwa, ambalo hufikia uwezo wake kamili kwenye upepo wa takriban bar 2.9, wakati la kawaida hufikia kwenye 2.5. Ndiyo maana kutoka tairi la kawaida kwenda XL bila kuangalia upya jedwali la upepo nako ni kosa.

Herufi inayofuata 92 ni kasi: V ni kilomita 240 kwa saa, W ni 270, Y ni 300. “Mimi siendi 240” ni hoja inayosikika kila mara. Lakini daraja la kasi hupimwa kwa tairi kustahimili joto, na tairi la daraja la juu kwa kawaida lina ujenzi mgumu zaidi unaolifanya gari litii usukani. Gari lililosanifiwa kwa Y likivalishwa V hulegea kwenye kona hata kwa kasi ya kawaida, na ikitokea ajali kampuni ya bima ina sababu ya kuuliza maswali. Katika baadhi ya nchi kushuka chini ya daraja la kiwanda kunaweza kuwa kosa la kisheria pia. Usishuke.

Mahali pa kupunguzia gharama

Cha kwanza ni alama ya kiwanda cha gari. BMW hutumia nyota, Mercedes-Benz MO, Audi AO, Porsche N ikifuatwa na tarakimu, Tesla T0. Alama hizo zina maana kwamba mtengenezaji wa tairi alirekebisha mchanganyiko wa mpira au ujenzi kwa matakwa ya gari hilo. Si mapambo, ila kwa matumizi ya barabarani tairi zuri lisilo na alama, lenye saizi, uzito na kasi sahihi, linafanya kazi kwenye magari mengi na huwa la bei nafuu. Nisingelegeza kamba kwenye Porsche yenye injini nyuma, ambako tairi la mbele na la nyuma vimepangwa pamoja kwa makusudi. Na kwenye ekseli moja usichanganye lenye alama na lisilo nayo, hata kama jina la ubavuni ni lile lile, kwa sababu ndani ni matairi mawili tofauti. Baadhi ya haya yenye alama yana pia sponji iliyogundishwa ndani kupunguza kelele. Sponji hiyo huongeza bei, na siku ya pancha fundi lazima aikate sehemu kabla ya kuziba.

Cha pili ni ranflati, yaani tairi lenye ubavu mnene linaloweza kutembea bila upepo, kwa kawaida hadi kilomita 80 kwa mwendo usiozidi 80 kwa saa. Utaliona kwa alama RFT, ROF, SSR au ZP kulingana na kampuni. Ni la gharama, ni gumu, na saizi zake ni chache. Wenye magari wengi huhamia matairi ya kawaida, na gari hupanda ubora wa safari siku hiyo hiyo. Ukihama, hama na yote manne. Hakikisha mfumo wa kupima upepo unafanya kazi, na weka kompresa na dawa ya kuziba kwenye buti, kwa sababu mengi ya magari hayo hayakupewa nafasi ya tairi la akiba. Hesabu ya akiba uliyookoa iwe imetoa bei ya vitu hivyo.

Cha tatu, na hapa ndipo pesa kubwa ilipo, ni ukubwa wa rimu. Kadiri inchi zinavyopanda ndivyo bei inavyopanda na chaguo linavyopungua. Gari moja mara nyingi huidhinishwa na kiwanda kwa rimu za saizi mbili au tatu. Piga hesabu. Inchi 18 ni milimita 457.2, ongeza ubavu mara mbili, 180, unapata kipenyo cha 637.2. Sasa 225/45R17: inchi 17 ni 431.8, ubavu ni 101.25, mara mbili 202.5, jumla 634.3. Tofauti haifiki nusu asilimia, spidomita haitahisi chochote. Seti ya rimu za 17 za kiwanda zilizotumika, zikiwa nyoofu, pamoja na matairi mapya, inaweza kukaribia bei ya matairi ya 18 peke yake, na kuanzia seti ya pili unakula faida. Rimu ndogo pia mara nyingi ni nyepesi, na ubavu mrefu unaokoa rimu kwenye mashimo.

Kinachozuia ni breki. Matoleo yenye breki kubwa hayakubali rimu ndogo. Kaliperi, ile sehemu inayobana diski ya breki, inagusa spoku au pipa la rimu. Usitegemee kipenyo peke yake kukupa jibu, maana rimu mbili za 17 zinaweza kuwa na umbo tofauti kwa ndani. Funga moja bila tairi, izungushe kwa mkono duara zima, na uangalie pengo kati yake na kaliperi. Linganisha pia upana wa rimu, mpangilio wa nati, tundu la katikati na namba ya ET, ambayo ni umbali wa uso wa kufungia kutoka katikati ya rimu kwa milimita. Nyingi ya hizi huwa zimechongwa au kuandikwa nyuma ya rimu.

Kinyume chake, kupanua tairi kwenye rimu ile ile kwa sababu saizi pana imepatikana kwa bei nzuri huleta matatizo. 245/40R18 kwenye gari la 225/40R18 inaongeza kipenyo kwa milimita 16, asilimia 2.5, na inaweza kukwaruza matao ukikata kona gari likiwa na mzigo. Ubavu nao ukibanwa na rimu nyembamba huvimba kama mto, na gari linachelewa kuitika.

Jina gani?

Juu kabisa kuna Michelin, Continental, Bridgestone, Goodyear na Pirelli. Chini yake kuna daraja ambalo mwenye bajeti anapaswa kulisoma kwa makini: Hankook, Falken, Kumho, Nexen, Toyo, Yokohama, Maxxis, Vredestein. Haya yana kiwanda, maabara na viwanja vya majaribio vya kweli, na matairi yao ya kasi, kama Hankook Ventus S1 evo3 au Falken Azenis FK510, hayako mbali na wakubwa kwa mtu anayeendesha barabarani. Kuna pia majina yaliyo chini ya mikono ya wakubwa wenyewe: Uniroyal ya Ulaya, Semperit na Barum ni za Continental, Kleber na BFGoodrich za Michelin, Firestone ya Bridgestone, Fulda, Sava na, tangu 2021, Cooper za Goodyear, Laufenn ya Hankook. Usidhani ni tairi lile lile lenye jina lingine. Mara nyingi ni teknolojia ya kizazi kilichopita au mpira wa gharama ndogo, ila nyuma yake kuna mtu wa kumdai.

Ninachopenda zaidi ya yote ni tairi la juu la kizazi kilichopita. Continental ilipotoa SportContact 7 mwaka 2021, SportContact 6 haikugeuka kuwa tairi baya. Michelin ilipoleta Pilot Sport 5 mwaka 2022, Pilot Sport 4 zilizokuwa ghalani zilibaki zile zile zilizosifiwa. Maduka hupenda kuondoa mabaki ya namna hiyo, hasa yakiwa manne tu ya saizi isiyo ya kawaida, na hapo ndipo pa kujadiliana bei.

Chini ya madaraja hayo kuna majina usiyowahi kuyasikia, yenye herufi Y ubavuni na bei inayokaribia nusu. Kwenye lami kavu yanaweza kukupa wiki kadhaa za furaha. Mvua ikinyesha, gari lenye nguvu za farasi 300 linaanza kuteleza kwenye mzunguko ambao jana ulikuwa si kitu. Usilipunguze hili la maji kwa bei yoyote. Kibandiko cha Umoja wa Ulaya, ambacho tangu Mei 2021 kina madaraja A hadi E, kina safu ya mshiko kwenye maji. Kila daraja unaloshuka linaongeza takriban mita 3 hadi 6 za kusimama kutoka kilomita 80 kwa saa. Kwa gari lenye nguvu tafuta A, kubali B, basi. Kibandiko hicho hakisemi tairi litadumu kiasi gani wala linapiga kona vipi, kwa hiyo ongeza majaribio ya chama cha madereva ADAC au gazeti la Auto Bild, vyote vya Ujerumani, kwa saizi iliyo karibu na yako. Ukiyasoma, ruka nafasi ya jumla uende kwenye kufunga breki kwenye maji. Kuna matairi yaliyopanda nafasi kwa sababu hayali mafuta mengi na yanadumu, ambayo si shida yako ya kwanza.

Namba ya Kimarekani ya uimara, iliyoandikwa TREADWEAR, nayo inapotosha. Kinadharia 400 inadumu mara mbili ya 200, lakini kila kampuni hujipa namba yenyewe. Linganisha matairi ya kampuni moja tu. Kwa gari la kasi, namba kubwa mno mara nyingi ina maana ya mpira mgumu.

Mtumba, na mawili badala ya manne

Matairi ya mtumba yenye jina kubwa yanavutia, na mara chache yanastahili. Anza na tarehe: mwisho wa msimbo unaoanza na DOT ubavuni kuna tarakimu 4, mfano 1423, yaani wiki ya 14 ya mwaka 2023. Msimbo kamili mara nyingi uko upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo ukikosa tarakimu hizo geuza upande wa pili. Kisha dai kuliona tairi likiwa nje ya rimu. Ndani yake tafuta kiraka, vumbi jeusi la mpira, au mikunjo inayozunguka ubavu. Mbili za mwisho zinaonyesha tairi lilitembezwa bila upepo wa kutosha, na hilo halirekebishiki. Kagua ukingo unaokaa kwenye rimu kama umechanika. Uvimbe wa ubavuni ni nyuzi zilizokatika, achana nalo. Mwisho piga hesabu ya meno: tairi la kiangazi likiwa jipya lina milimita 7 hadi 8 hivi, na sheria ya nchi nyingi inakomea 1.6, ingawa kwenye maji 3 ndiyo mwisho wa busara. La mtumba lenye milimita 5 limebakiza 2 za kutumia kwa amani, jipya lina 4 hadi 5. Likiuzwa kwa zaidi ya theluthi ya bei ya jipya, umepoteza.

Kununua mawili inakubalika kwa gari linaloendeshwa na ekseli moja, mradi mapya yafungwe nyuma, hata kama injini inavuta mbele. Mbele ikiteleza unaipunguzia gari mwendo na inarudi. Nyuma ikitangulia kuteleza kwenye maji, dereva wa kawaida hana la kufanya.

Gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne ni jambo jingine. Tairi lililoliwa milimita 3 limepungua kipenyo kwa 6. Kwa saizi yetu ya 637, jipya linazunguka kama mara 499.5 kwa kilomita na lililoliwa mara 504. Hizo karibu raundi 5 kwa kila kilomita zinabebwa na difu ya katikati au klachi inayogawa nguvu, isiyopumzika hata barabara ikiwa imenyooka. Inapasha joto mafuta yake, inakula sahani zake, na bei ya kuitengeneza inameza akiba ya matairi ya miaka mingi. Kitabu cha gari hutaja tofauti inayoruhusiwa. Ukikosa, shikilia milimita 1.5 kuwa mpaka. Tairi moja likipasuka wakati mengine yana nusu ya meno, kuna nchi ambako karakana hunyoa tairi jipya lilingane na wenzake. Vinginevyo ni manne.

Siku ya kununua

Uliza bei ya jumla ikiwa na kufunga, kubalansi, valvu mpya na kuondoa ya zamani. Uliza pia tarehe kabla ya kulipa. Tairi lililokaa ghalani mwaka mmoja au miwili, kivulini, halina tatizo na ni hoja ya kupunguziwa. La miaka 5 ni jipya kwa sura tu, maana mpira hukakamaa hata bila kutumika. Ukilinganisha bei usitazame tairi, tazama kilomita. Tuseme tairi moja lina bei ya 100 na kazi ya kulifunga ni 10, na linadumu kilomita 20,000: ni 5.5 kwa kila kilomita 1,000. Lingine lina bei ya 70, kufunga 10 zile zile, na linadumu 12,000: ni karibu 6.7. La “rahisi” limekuzidi bei, tena umerudi karakana mara nyingi zaidi.

Yakifika, kagua kila moja kabla halijagusa rimu: saizi, namba ya uzito, herufi ya kasi, XL, tarehe. Likishafungwa, duka halilirudishi. Kosa la kawaida kabisa ni matatu ya 92Y na moja la 92W.

Karakana ichague kwa mashine yake. Tairi la ubavu mfupi likifungwa kwa vyuma vya mkono linachana ukingo na kukwaruza rimu. Tafuta yenye mkono wa ziada wa kusukuma ubavu, au ile isiyotumia chuma kabisa. Simama uangalie. Rimu isafishwe kutu mahali tairi linapokaa, la sivyo upepo utavuja polepole kwa miezi na utalaumu valvu. Tairi lenye neno Outside litazame nje pande zote mbili za gari. Lenye mshale lizunguke kuelekea unakoonyesha. Kitone cha njano ubavuni ni sehemu nyepesi, kwa kawaida kinawekwa kwenye valvu. Sensa za upepo zina betri isiyobadilishwa, na kama ni za miaka mingi, wakati wa kuzibadilisha ni sasa tairi likiwa nje, usije ukalipia kufungua tena.

Nati zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu kwa namba ya kitabu. Bunduki ya upepo ikikaza mpaka mwisho hupindisha diski na kukuachia mtetemo kwenye breki, halafu utarudi kulalamikia balansi. Zikague tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Alaimenti ifanyike sasa, matairi yakiwa mapya, upepo sahihi na tangi likiwa na mafuta, na upewe karatasi ya vipimo vya kabla na baada.

Uso wa tairi jipya una mabaki ya dawa ya kulitoa kwenye kalibu, na unateleza. Kilomita 300 za kwanza endesha kwa upole, hasa kwenye maji. Mtetemo wa usukani kati ya kilomita 90 na 120 kwa saa ni balansi. Rudi nao mapema. Gari kuvuta upande mmoja si lazima iwe alaimenti: badilishana matairi mawili ya mbele kulia na kushoto, kama si ya mshale, na mvuto ukihama ni tairi lenyewe, unalo la kudai. Weka upya mfumo wa upepo kwenye dashibodi, upepo upimwe tairi likiwa baridi, kila mwezi, ukikumbuka kwamba nyuzi joto 10 hubadilisha takriban bar 0.1.

Kisha toa tena ile geji. Ikiwa yalianza na 7.5 na kwenye kilomita 4,000 yanasoma 6.6, yamekula 0.9. Hadi milimita 3 ulikuwa na 4.5 za kutumia, hivyo jumla ni kilomita 20,000, zimebaki 16,000. Pima ndani na nje tofauti. Pengo likizidi nusu milimita kwenye kipimo hiki cha kwanza, peleka gari kwenye alaimenti wiki hiyo hiyo ukiwa na ile karatasi ya vipimo mkononi.